Kiti Kisicho na Kasoro Hata Moja

Picha ya kwanza kuingia kwenye simu ilikuwa ya rula. Rula ya plastiki, ya mwanafunzi, imebandikwa kwa utepe kwenye shingo ya chuma ya kiti cha kinyozi, na kando yake mistari miwili ya kalamu nyekundu. Chini ya picha maneno yalikuwa machache: "Mstari wa juu ni saa nne kamili. Wa chini ni saa nne na dakika kumi na mbili. Mzee, kiti chako kinazama."

Kinyozi aliitazama picha ile bila miwani, kisha kwa miwani, na kwa vyovyote haikumpendeza. Kiti kile alikuwa amesimama nyuma yake miaka ishirini na mitatu. Alijua mahali ngozi ilipochubuka kwenye mkono wa kushoto, alijua skrubu iliyodai kukazwa kila mwezi, alijua hata mlio wake kinapozungushwa. Kuambiwa na mtu baki kwamba kinazama ilikuwa sawa na kuambiwa na jirani kwamba mkewe anakoroma.

"Kinazama wapi?" akamuuliza binti yake. "Kwani ni mtumbwi?"

Binti yake alikuwa ameketi sakafuni kwenye chumba cha mbele, amezungukwa na viatu vya watoto vilivyokwisha kuvaliwa na miguu mingine. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake: kuvinunua, kuvisafisha, kuvitia kamba mpya, kuvipiga picha dirishani penye mwanga, kisha kuviuza kwenye soko la mtandaoni. Kwa miaka minne alikuwa amejikusanyia nyota za wateja moja baada ya nyingine, mpaka mama wa mjini, akiona jina la duka lake, hakuuliza swali la pili. Kiti cha baba yake kiliuzwa kupitia duka hilohilo, kwa hisani ya mtoto kwa mzazi.

Kisingeuzwa kama si goti. Goti la kulia la kinyozi lilianza kwa kunung'unika asubuhi, likaendelea kulalamika mchana kutwa, na mwishowe likamkatalia ngazi kabisa. Daktari alilibonyeza huku na huku, akauliza kama nyumbani kuna cherehani ya miguu. Hakuna. Kama aliwahi kuendesha lori. Hajawahi. "Daktari, mimi husimama tu," kinyozi alimwambia. "Huu ni uzee, umekuja na begi lake." Daktari akaandika dawa ya kuchua. Baada ya miezi miwili chumba cha kazi kilirudishwa kwa mwenye nyumba, shemeji akachukua vioo, na mtu aliyekuwa amewanyoa mababa na wana wao akabaki nyumbani anasoma gazeti lilelile mara mbili.

Siku ya kuandika tangazo, binti alitaka kuandika kwamba kiti kinafanya kazi vizuri. Baba yake alikataa. Hayo, alisema, huandikwa na wanaouza redio mbovu. "Andika: hakina kasoro hata moja, wala hakijawahi kushuka bila kuamriwa. Nakijua kiti hiki kuliko ninavyojijua mwenyewe." Binti akaandika, neno kwa neno, na kiti kikapata mnunuzi siku ya pili. Mnunuzi huyo alijiita Kichwa Safi, na picha yake ilikuwa kitana.

Sasa Kichwa Safi huyo ndiye aliyekuwa na rula.

"Mwandikie kwamba labda wateja wake ni wazito," kinyozi akasema.

"Baba, siandiki hivyo."

"Andika. Ni ushauri wa kitaalamu."

Binti aliandika, kwa kupunguza makali. Jibu lilirudi chai haijapoa: "Aliyekaa ni mwanafunzi wa chuo. Kilo hamsini na moja. Nimempima."

"Amempima!" Kinyozi aliweka kikombe chini. "Mtu amekwenda kunyolewa, anapandishwa kwenye mizani. Huyo si mnunuzi, huyo ni mpelelezi."

Basi yakawa majibizano. Kichwa Safi alituma video: kiti, kijana aliyejifunika shuka, na kichwa chake kikiteremka polepole mbele ya kioo mpaka nywele zake zikaonekana peke yake. Kinyozi alisema Kichwa Safi amekanyaga kanyagio la kushushia. Binti alisema mguu wake hauonekani kwenye video. Kinyozi alisema umefichwa kwa sababu umekanyaga. Naye akatoa ushahidi wake, video iliyochukuliwa siku yake ya mwisho ya kazi: shemeji ananyolewa, anaonekana kuanzia kifuani kwenda juu, dakika kumi na nane nzima, na kichwa chake hakikushuka hata unywele mmoja. Kichwa Safi aliitazama na kujibu kwa neno moja: "Ajabu." Kinyozi alitaka ajibiwe kwa methali ya nyani asiyeona kundule. Binti alikataa katakata kuiandika.

Siku ya tatu ujumbe haukutoka tena kwa Kichwa Safi bali kwa waamuzi wa soko lenyewe. Mnunuzi amefungua malalamiko. Sababu: maelezo ya uongo. Muuzaji ana hadi Alhamisi saa sita mchana kujibu. Akishindwa, duka litafungwa siku thelathini na alama ya onyo itabaki mbele ya jina lake.

Binti alijaribu njia ya mkato. Alimwandikia Kichwa Safi kwamba yuko tayari kumrudishia nusu ya bei, kiti abaki nacho. Wengi wangeruka kwa furaha. Huyu akajibu: "Sitaki punguzo. Nataka muuzaji akiri kwamba kiti kinashuka."

"Si ukiri tu, Baba?" binti alisema. "Mstari mmoja. Samahani, kinashuka."

"Nidanganye ili nisiitwe mwongo?"

Binti alikuwa anatia kamba kwenye kiatu cheusi kidogo, cha mtoto anayeanza darasa la kwanza, na vidole vyake vilikuwa vikikosea tundu. Ukutani nyuma yake maboksi yalikuwa yamepangwa hadi dirishani. Wiki iliyofuata shule zingefunguliwa, na wiki hiyo ndiyo iliyokuwa ikimlisha kwa miezi mitatu.

"Baba," alisema bila kuinua macho, "hili ni duka langu."

Maneno hayo yalimchoma kinyozi kuliko angepigiwa kelele. Chakula cha jioni alikila bila ladha, akiyazungusha mambo kichwani. Kwa miaka ishirini na mitatu watu walimpa shingo zao, wakafumba macho, wembe ukapita. Hakuna aliyewahi kumwita mwongo. Na sasa uongo huo asioujua ulikuwa unakwenda kulipwa na mtoto wake.

"Acha kupiga meza," mkewe akasema.

"Sipigi meza."

"Basi maji yanacheza yenyewe." Mkewe aliinua glasi yake akaishika mkononi, kama alivyozoea, akaendelea kula. Alikuwa mwanamke mwenye maneno ya kutosha kwa kila jambo, ila hili alikuwa ameacha kuligombania zamani.

"Kesho naenda mwenyewe," kinyozi alisema. "Nikakione kwa macho yangu."

Jumatano asubuhi alifika na mfuko wenye spana mbili, kopo la mafuta na pima maji, vifaa vya mtu anayekwenda kushinda. Chumba cha Kichwa Safi kilikuwa juu ya duka la vifaa vya umeme, ngazi kumi na tisa, na goti lilizihesabu zote. Mlangoni alisimama kidogo avute pumzi, asije akaonekana mgonjwa mbele ya adui.

Adui alikuwa mwanamke mrefu wa miaka thelathini na kitu, aproni nyeusi, mkasi kifuani, na mkono mmoja kiunoni. Mkono huo haukuwa wa ugomvi, kinyozi aliuelewa mara moja. Ulikuwa wa mtu anayeumwa mgongo.

"Karibu, mzee. Nilidhani hutakuja."

"Nimekuja, bibie. Kiti kiko wapi?"

Kilikuwa mbele ya kioo kikubwa, kimefutwa vizuri kuliko alivyowahi kukifuta yeye, na rula ikiwa bado shingoni. Kinyozi aligeuka upande akajifanya anatafuta miwani. Hakutaka aonekane amekikumbuka kiasi kile.

Juu ya kiti alikuwa ameketi mteja, mwalimu wa hesabu mwenye mwili wa kutosha na uvumilivu wa kutosha. Alikuwa amekwisha kuambiwa kwamba leo ananyolewa bure kwa sababu yeye ni kipimo.

"Mimi niko tayari," mwalimu alisema. "Nishusheni, nipandisheni, mradi masikio yabaki mawili."

Kichwa Safi alianza. Alifanya kazi vizuri, kinyozi hakuweza kumnyima hilo: mkono mwepesi, kitana kinatangulia, mkasi unafuata. Lakini baada ya dakika kadhaa mabega yake yalianza kuinama, kisha na mgongo, na kwenye rula shingo ya kiti ilikuwa imekwisha kupita mstari mmoja. Kinyozi alipiga goti moja kwa tabu, akaangalia kanyagio. Hakuna mguu karibu. Aliweka pima maji sakafuni. Sakafu ilikuwa sawa. Akainuka kwa kushika mkono wa kiti, akiwa hana la kusema, na mtu asiye na la kusema hutafuta la kufanya.

"Nipe mkasi," alisema.

Kichwa Safi alikipandisha kiti hadi juu, akampa mkasi, akasogea pembeni na kukunja mikono. Kinyozi alishika kitana. Ilikuwa miezi mitano hajagusa kichwa cha mtu. Vidole vilikumbuka kabla yake. Alianzia kisogoni kwenda juu, akamwinamisha mwalimu kwa kidole kimoja, akamuuliza habari za wanafunzi, akaambiwa hawajui kugawanya, akasema hata wakubwa hawajui, na kwa muda alisahau kilichomleta. Alipokumbuka akatazama rula. Dakika kumi na tano zilikuwa zimepita. Shingo ya kiti ilikuwa palepale kwenye mstari wa juu.

"Haya," alisema, na furaha ilimpanda mpaka kwenye masikio. "Umeona? Umeona mwenyewe?"

Kichwa Safi hakuwa anatazama rula. Alikuwa ameinama kidogo, mikono magotini, anatazama chini ya kiti, na uso wake ulikuwa umebadilika.

"Endelea, mzee," alisema taratibu. "Endelea kunyoa tu."

"Kuna nini?"

"Endelea. Ila usisogeze mguu."

"Mguu gani?"

"Wa kulia."

Kinyozi alitazama chini. Mguu wake wa kulia ulikuwa juu ya kanyagio la kupandishia. Hakuwa ameuweka pale. Angeulizwa mbele ya hakimu angekula kiapo kwamba hakuuweka pale. Na alipokuwa bado anautazama kwa mshangao, ukakanyaga, mara moja, kidogo tu, kisha ukapumzika.

"Hiyo ni mara ya tisa," Kichwa Safi alisema. "Nimeanza kuhesabu nilipoona."

"Ya kumi na moja," mwalimu akasema kutoka chini ya shuka. "Nimehisi nikiinuliwa kila mara. Nikadhani ndiyo huduma."

Kinyozi aliuondoa mguu, akaubandika sakafuni, akausimamia kwa nguvu. Polepole, bila kuamriwa na yeyote, kiti kikaanza kushuka. Kilipita mstari wa juu. Mwalimu alipungua ndani ya kioo, kwanza kidevu, kisha mdomo. Na mguu wa kulia, uliobandikwa sakafuni, ulikuwa unatetemeka kwa hamu ya kwenda kuokoa hali.

Alikuwa akikipandisha mwenyewe. Miaka mingapi? Haikujulikana. Pampu ilianza kuvuja siku moja, tone moja, na mguu ukaziba pengo bila kumwuliza mwenyewe ruhusa. Pampu ikavuja zaidi, mguu ukaongeza bidii. Hakuna mtu mwingine aliyewahi kufanya kazi kwenye kiti kile, basi nani angejua? Mara kumi na moja kwa kichwa kimoja, vichwa kumi na tano kwa siku. Hapo ndipo mkono wa kinyozi ulipoteremka wenyewe ukalishika goti.

"Daktari aliniuliza kama nina cherehani," alisema.

"Nini, mzee?"

"Goti. Nilimwambia ni uzee." Akakaa kwenye benchi la wateja, mkasi bado mkononi. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, lakini hawakusema kwamba unaweza kukipaka mafuta kila Jumamosi na kukifuta kwa kitambaa. Kicheko kilianza tumboni, kikapanda, akashindwa kukizuia. Alicheka mpaka akavua miwani. Kichwa Safi, ambaye kwa siku nne hakuwa ameandika sentensi yenye hata chembe ya mzaha, alishika ukuta akacheka naye, mkono mwingine mgongoni.

Kinyozi alijishangaa. Ameshindwa mbele ya mashahidi, na hajisikii ameshindwa. Kitu kizito alichokuwa nacho kifuani tangu siku ya rula kilikuwa kimeondoka, naye akapumua mpaka chini. Hakuna aliyedanganya. Yeye alisema kweli aliyoijua, na huyu dada alisema kweli aliyoiona. Wala yeye hakuwa mzee kiasi kile.

"Nilitaka kukutumia methali," alimwambia. "Binti yangu alikataa kuiandika."

"Ya nyani?"

"Umejuaje?"

"Hata mimi nilikuwa nimekuandikia hiyohiyo. Nikaifuta." Kichwa Safi alijifuta macho kwa pindo la aproni. "Nisamehe, baba. Mwaka jana nilinunua mashine ya kukaushia nywele, ikafa siku ya pili, muuzaji akanifungia simu. Tangu hapo nikinunua kitu napiga kelele mapema."

"Wewe ulisema kweli. Mimi ndiye niliyekuwa sioni."

Kichwa Safi alitoa simu yake papo hapo, akaandika huku akisoma kwa sauti, ili asikike. Muuzaji amekuja mwenyewe. Tumekiangalia kiti pamoja. Kina kasoro ambayo hata yeye hakuijua. Malalamiko nayaondoa. Kinyozi alimwomba aongeze kwamba pampu itatengenezwa na muuzaji, kwa gharama ya muuzaji, kabla ya Jumamosi. Akaongeza. Ilikuwa saa tano kasoro, na siku nzima zaidi ikiwa bado mkononi.

Simu ya kinyozi ililia kabla hajarudisha spana kwenye mfuko. Sauti ya binti yake ilikuwa ya juu, ya mtu aliyesimama ghafla.

"Baba! Malalamiko yamefutwa! Umemwambia nini?"

"Nimemwambia anasema kweli."

Upande wa pili alisikia pumzi ndefu, halafu maboksi yakianguka na binti akiyacheka. Kinyozi aliifunga simu taratibu.

"Samahanini," mwalimu alisema kutoka mahali fulani karibu na sakafu. "Nina nusu kichwa."

Kinyozi na Kichwa Safi walitazamana. Dada yule akapandisha kiti, akarudi nyuma. "Malizia tu, baba. Mimi nitakanyaga."

Basi akamalizia, miguu yote miwili chini, na dada yule akikanyaga pampu kila kiti kiliposhuka. Kinyozi alipokuwa anashuka zile ngazi kumi na tisa, Kichwa Safi alimwambia kutoka juu kwamba Jumamosi huwa ana vichwa vingi kuliko mikono, na kiti kikishapona hakitamwumiza mtu goti. Kinyozi alisema ataona. Alisema hivyo mara mbili.

Nyumbani chakula cha mchana kilikuwa kimekwisha kupakuliwa. Binti alikula amesimama, akaondoka na boksi kwapani, akimbusu baba yake kwenye upara. Kinyozi alibaki mezani na mkewe, akamweleza yote tangu pima maji hadi mwalimu wa hesabu, kwa mikono na kwa sauti za kila mtu. Alitegemea acheke. Mkewe alicheka pale mwalimu alipopungua kwenye kioo, kisha akakisogeza kijiko kando ya sahani.

"Kwa hiyo ni huo mguu," alisema.

"Mguu gani tena?"

"Huu unaopiga meza. Kila tukikaa kula. Kila tukikaa tu." Alikuwa anatazama kitambaa cha meza. "Miaka yote hii nilidhani unanichoka. Nilidhani mwili umekaa hapa kwa adabu, na mguu unataka kuondoka."

Kinyozi alikumbuka glasi iliyoinuliwa juu ya meza jioni hii na ile, miaka na miaka, bila ugomvi, na hakuwahi kuuliza kwa nini.

"Ulikuwa unapandisha kiti," mkewe alisema.

"Nilikuwa napandisha kiti."

"Mtu mzima wewe." Aliweka glasi ya maji juu ya meza, katikati, mbali na mkono wake. Wakaendelea kula. Baada ya muda kidogo maji yakaanza kucheza. Mkewe hakuinua glasi. Alivua kandambili chini ya meza, akaunyoosha mguu wake na kuuweka juu ya ule wa kulia wa mumewe, akauacha hapo, na maji yakatulia.